Mimi wa Kitabuni Siye Mimi wa Gungu

Alikuja na kaunta buku tatu ndani ya mfuko wa sandarusi, akaziweka mezani, ndipo akasalimia. "Shikamoo, mwalimu." Nilimfundisha Kiswahili zamani, kabla hajapanda treni kwenda Dar es Salaam na kutoka huko kuvuka Tunduma na kupotelea Afrika Kusini kwa miaka kumi na mitatu. Sasa amerudi Gungu, hapa Kigoma, kichwani ana mvi za kuhesabika, na anauza chaja na vioo vya simu karibu na stendi. "Mwalimu, humu mna maisha yangu yote ya Durban. Kila neno ni kweli tupu. Naomba unisaidie iwe riwaya."

Kweli tupu, halafu riwaya. Mambo hayo mawili hayalali kitanda kimoja, na yeye hakuliona hilo. Simlaumu. Kila mtu anayeniletea mswada wa ujana wake wa ughaibuni, awe alibeba maboksi Uingereza au alilala chini ya daraja Cape Town akisubiri meli ya kuzamia, hukwama mahali hapohapo. Niliyomjibu yeye kwa vipande, mwezi huu na mwezi ule, nayaweka hapa kwa pamoja.

Tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko imo humo. Shuleni tulifundisha kwamba wasifu ni habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mwingine, tawasifu ni habari hizo zikiandikwa na mwenyewe, na riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni. Mgawanyo huo unatosha kwa mtihani. Hautoshi kwa mtu mwenye kaunta buku tatu. Mfaransa Philippe Lejeune alilitazama jambo hili mwaka 1975 kama anayesoma mkataba wa kukodi nyumba. Tawasifu, kwa maelezo yake, ni mapatano: jina lililo juu ya jalada, sauti inayosimulia ndani na mtu anayesimuliwa ni mtu mmoja, na mwandishi anamwahidi msomaji hivyo. Riwaya ina mapatano yake: msomaji amekubali kuambiwa yasiyotokea. Mwaka 1977 Mfaransa mwingine, Serge Doubrovsky, akafanya ukorofi. Akatoa kitabu ambacho mhusika mkuu ana jina lake yeye mwenyewe, kikaitwa riwaya, na akakibunia neno jipya, autofiction, ambalo wataalamu wanaligombania mpaka leo. Sisi tunasema riwaya ya kitawasifu, na inatosha. Maana yake ni kwamba mwandishi amechota katika kisima cha maisha yake, lakini hakuahidi kwamba maji hayo hatayachanganya na mengine.

Tusidhani kwamba kujisimulia ni jambo lililotufikia juzi. Tippu Tip, ambaye baba yake aliweka makazi Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na safari yake ikachapishwa 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten. Hebu fikiria: Mswahili kwenye theluji ya Siberia, kwa lugha yetu hii, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kisha tukapata Shaaban Robert na tawasifu yake. Ila masimulizi hayo ya wazee yana adabu ya barazani. Mtu anasimulia mbele ya wakubwa na wadogo, anajua nani anasikiliza, anataja safari, biashara, vita, kazi na mausia. Yaliyomtia aibu anayapitia mbio au hayagusi kabisa. Babu zetu wa Buha waliokwenda Tanga kukata katani kama manamba walirudi na masanduku na hadithi, na hadithi hizo nazo zilichujwa kabla ya kufika mlangoni. Kijana aliyevuta unga, akaiba, akafungwa, akarudishwa kwao mikono mitupu hana mkeka katika baraza hilo. Ndiyo sababu anaitafuta riwaya, hata kama hajui kwamba ndicho anachotafuta.

Adam Shafi wa Zanzibar anatufaa kwa mfano, maana amepita njia zote mbili. Akiwa kijana aliondoka kwao kutafuta njia ya kwenda kusoma Ulaya, na safari hiyo ameisimulia katika Mbali na Nyumbani kama mambo yaliyompata yeye. Aliposhikwa na kutiwa ndani baada ya Karume kuuawa mwaka 1972, kifungo kile kikaja kuzaa Haini, iliyochapishwa 2003, na humo anayeteseka siye Adam Shafi, ni Hamza. Kwa nini safari abaki na jina lake na gereza ampe mtu mwingine? Mimi nadhani, na ni dhana yangu tu, kwamba safari ni ya mtu mmoja, gereza ni la wengi. Ukisema "mimi" ndani ya gereza unaweza kusema uliyoyaona kwenye selo yako basi. Hamza anaweza kubeba na ya selo za jirani.

Sasa turudi Gungu, maana hapa ndipo pana uzito.

Mtu huyu alidhani anasimulia maisha yake kwa mara ya kwanza. Haikuwa ya kwanza. Alikwisha kuyasimulia mara tatu, kwa namna tatu, na kila namna ilimlenga msikilizaji aliyekuwa na kitu cha kumpa au cha kumnyang'anya.

Namna ya kwanza ilikuwa ya simu. Kwa mama yake alikuwa mzima, ana kazi ya saluni, kodi imelipwa, baridi ndiyo inayosumbua kidogo. Namna ya pili ilikuwa ya dirisha la uhamiaji. Wenyewe huita kujilipua: unajitokeza kuomba hifadhi ya ukimbizi kwa kudai unatoka nchi nyingine yenye vita. Mtu wa Kigoma akijilipua anakuwa Mrundi, kwa sababu Kiha na Kirundi vinasikilizana na mkalimani hatamkamata upesi. Huyu wetu alijitengenezea kijiji, akajitengenezea kaka aliyepotelea msituni, na baba aliyeuawa katika machafuko ya 1993. Akayakariri miezi, kwa sababu tarehe ikikosewa mara moja tu faili linafungwa. Namna ya tatu ilikuwa ya kijiweni baada ya kurudi: hapo alikuwa mjanja, ameona mengi, polisi wa kule walimwogopa.

Sisi wa Kigoma, watu wa mpakani, tunayajua mambo ya kujieleza dirishani kwamba ni Watanzania. Mtoto wa hapa akikua anajua ipo siku atakaa mbele ya meza aulizwe babu yake alizikwa wapi, shangazi yake anaishi kijiji gani, na kwa nini anatamka neno hili hivi. Mtu wa Morogoro haulizwi hivyo. Kwa hiyo kijana wetu alikwenda Durban tayari akiwa na mazoezi ya kuyapanga maisha yake yakubalike.

Nilipozisoma kaunta buku nilikuta kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiona. Katika daftari la kwanza baba yake, mfanyakazi wa reli, anafariki nyumbani kwa presha, anazikwa Gungu, yeye akiwa darasa la sita. Katika daftari la tatu, anapoeleza usiku mmoja wa rumande, ameandika: "nikamkumbuka marehemu baba yangu aliyeuawa." Nikamwonyesha. Akakisoma kile kistari mara mbili, akakaa kimya. Akasema, "Mwalimu, huyo ni baba wa kwenye faili." Baba wa kwenye faili alikuwa amesemwa mara nyingi mno hata akahamia ndani ya kumbukumbu, akakaa pamoja na yule halisi.

Hilo si ugonjwa wala si utapeli. Mwingereza Frederic Bartlett, mtaalamu wa saikolojia wa Cambridge, alichapisha mwaka 1932 majaribio aliyowapa watu hadithi ya Wahindi Wekundu waisome, kisha waisimulie tena baada ya muda, na tena. Kila waliporudia, hadithi ilifupika, ikanyooka, ikafanana na mambo ya kwao. Mtumbwi ukageuka mashua. Mizimu ikaanza kupotea, maana hawakujua waiweke wapi. Kukumbuka, kwa maelezo yake, ni kujenga upya kila mara kwa matofali uliyonayo siku hiyo. Ukichukua hilo ukaliweka juu ya kijana aliyesimulia maisha yake kwa mama, kwa afisa na kwa kijiwe, utaona kwamba "kila neno ni kweli tupu" ni ahadi asiyoweza kuitimiza hata akitaka. Anaweza kuahidi kitu kingine: kwamba safari hii hamlengi mtu yeyote mwenye cha kumpa. Riwaya haina dirisha la kupanga foleni. Pale ndipo anapoweza kusema "nilimwibia mtu aliyenipa chakula" bila kuharakisha kueleza kwa nini.

Lakini kutaka kusema ni kimoja, na kujua kuandika ni kingine. Hebu niwape kipande cha kaunta buku ya pili, kwa ruhusa yake:

"Nikafukuzwa saluni nikahamia mtaani nikaanza kuvuta unga nikaibiwa simu nikaiba na mimi nikakamatwa nikakaa ndani wiki mbili nikatoka mama akapiga simu nikamdanganya kuwa nimekula nikakata."

Hesabu hizo -ka-. Kiambishi hiki ni kamba ya masimulizi yetu. Barazani kinafaa mno, kwa sababu msimuliaji ana sauti, ana mikono, ana macho ya kukazia. Kwenye karatasi -ka- inasawazisha kila kitu. Kuibiwa simu na kuanza unga vinapata uzito mmoja, kama viazi na ndizi katika kapu. Nilimwambia afanye kazi ya kwanza, nayo ni ya sarufi tu: apite mswada wote, kila penye -ka- ajiulize kama tukio hilo kweli limefuata tu, au lilisimama likamtazama. Lililosimama lipewe -li- yake, sentensi yake, ikibidi ukurasa wake. Na miaka ile ya unga, ambayo kila siku ilikuwa kama jana yake, nikamshauri aiweke katika hu-: huamka kabla ya jua mwili ukimdai, huhesabu sarafu, huwakwepa wanaomjua, hurudi. Kurasa mbili za hu- humchosha msomaji kwa namna ambayo mtu mwenyewe alichoka. Halafu ikitokea -li- moja tu baada ya hapo, msomaji anashtuka, anajua leo kuna jambo.

Kisha tukaichukua ile simu ya mama. Nikamuuliza, ulimwambia umekula nini? Akacheka, akaona haya. "Migebuka." Durban! Mgebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika. Maji mengine hayamjui. Kitu hicho, ambacho ndicho roho ya tukio zima, hakukiandika, kwa sababu neno "nikamdanganya" lilikuwa limekifunika. Ufupisho una tabia hiyo. Unasema kweli na papo hapo unaficha. Nikamwandikia mfano ili aone:

"Mama alipopiga, meno yake yalikuwa yakigongana kwa arosto, mwili ukidai unga. Akaitoa simu nje ya dirisha, mvua iipige, mama asikie mvua asisikie meno. Umekula? Nimekula, mama. Ugali na migebuka. Akaeleza na pilipili ilivyokuwa. Mama alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: Wa kukaanga au wa kuchoma?"

Alisoma akakunja uso. "Mwalimu, siku ile hakukuwa na mvua. Na mama hakuuliza mambo ya kukaanga. Mimi nilikata simu, basi."

Tulibishana mpaka adhuhuri. Msimamo wangu ulikuwa huu. Migebuka ni yako, ni kweli, na bila hiyo hakuna tukio. Mvua ni yangu. Nimeileta kwa sababu mtu anayetetemeka hawezi kuficha sauti yake bila kelele, na msomaji anahitaji kuona unavyoificha. Swali la mama nimelitunga, kwa sababu ulinieleza mwenyewe kwamba siku zote ulihisi anajua. Hisia yako haina sura. Swali lina sura. Ukiniambia mama alijua, nitakuamini au nisikuamini; mama akiuliza "wa kukaanga au wa kuchoma?" nitajua mwenyewe bila kuambiwa. Hiyo ndiyo kazi ya ubunifu katika riwaya ya namna hii. Hauji kupamba, wala kuongeza msisimko. Unakuja pale ambapo kweli ilikuwapo lakini haikuacha alama ya kushikika. Mwandishi anayetunga kwa sababu maisha yake hayakusisimua vya kutosha, huyo ameshapotea njia, na mara nyingi utamtambua kwa bastola zinazotokea bila sababu ukurasa wa arobaini.

Mmeona pia kwamba katika mfano wangu sikuandika "yangu" wala "nikaitoa". Hilo nalo lilimkera. Kwa Kiswahili tofauti kati ya mimi na yeye ni herufi chache tu, ni- ikageuka a-, lakini jaribu uone. Nilimpa kazi ya nyumbani: chukua ukurasa unaouonea aibu kuliko yote, ubadilishe ni- zote ziwe a-, mpe mtu huyo jina lingine, kisha endelea kuandika ulipoishia. Alirudi baada ya siku nne na kurasa kumi na moja. Ilikuwa habari ya viatu vya mtu aliyelala naye chumba kimoja, viatu vya kazi, alivyoviuza asubuhi mtu yule akiwa bafuni. Katika ni- habari hiyo ilikuwa mstari mmoja na maelezo mistari sita ya hali ngumu. Katika a- maelezo ya hali ngumu yalitoweka, mwenye viatu akapata sauti, akatoka bafuni akiwa na taulo, akaanza kutafuta chini ya kitanda. Si lazima riwaya nzima ibaki katika a-. Wengine hurudi kwenye ni- wakishavuka mto. Ila akirudi, ni- hiyo haitakuwa ileile. Itakuwa ya msimulizi mtu mzima anayemtazama kijana, na kati yao pana miaka ambayo msomaji anaihisi.

Miaka hiyo haina njia ya mkato. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akafika Uingereza mwaka 1968, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987. Ya pili, ya mwaka 1988, ina Mtanzania aitwaye Daud, mhudumu katika hospitali ya mji mmoja wa Kiingereza, anayemeza dharau kutwa kucha. Gurnah mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya namna hiyo Canterbury. Alichukua kazi, akachukua mji, akachukua dharau, kisha akampa mtu ambaye siye yeye, mwenye majeraha yake na ulimi wake. Karibu na sisi zaidi yupo Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, pale kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili tunalofulia nguo. Baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Akakimbilia Ufaransa mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 13. Riwaya yake ilitoka 2016. Mtoto anayesimulia ana baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, anaishi Bujumbura, anaitwa Gabriel, jina linalogongana bega na lake. Na bado Faye amekuwa akisema kwamba hiyo si tawasifu. Watu hudhani anakwepa. Mimi namwelewa. Miaka 21 imepita kati ya kukimbia na kuchapisha. Aliyekimbia alikuwa mtoto asiyejua kinachotokea, aliyeandika ni baba wa watoto anayejua vita viliishaje. Gabriel ni daraja kati yao.

Kuna wanaouliza: kama ni hivyo, si afadhali kuiita tu habari ya kweli, maana ya kweli ndiyo inayouzika? Huo mtego una mwenyewe. Mmarekani James Frey alitoa mwaka 2003 kitabu kuhusu ulevi wake na dawa za kulevya, kikiuzwa kama kumbukumbu za kweli. Mwenyewe alisema baadaye kwamba kwanza alikipeleka kwa wachapishaji kama riwaya. Oprah Winfrey akakipigia debe 2005, kikauzwa mamilioni. Januari 2006 tovuti moja ya uchunguzi ikachimba kumbukumbu za polisi na kuonyesha kwamba aliposema alikaa jela karibu miezi mitatu, alikaa saa chache tu. Oprah akamweka kitako mbele ya kamera, mchapishaji akalazimika kuwarudishia fedha wasomaji waliodai. Angeandika neno moja juu ya jalada, riwaya, asingepatwa na lolote kati ya hayo. Hakuna aliyemkasirikia kwa kutunga. Walikasirika kwa sababu alivunja mapatano.

Kwa hiyo neno "riwaya" linamlinda mwandishi. Je, linawalinda wengine waliomo? Hapo mimi ni mgumu kuliko waalimu wengi wa uandishi. Kigoma ni mji mdogo. Ukimbadili mtu jina ukaacha kovu lake la shavuni na kazi yake ya kuuza dagaa Kibirizi, umemtangaza. Sheria ya kashfa nayo haitazami jina tu. Hutazama kama wanaomfahamu wamemtambua. Njia inayofanya kazi ni kuyeyusha: chukua watu wawili uwafanye mmoja, hamisha kazi, hamisha mtaa, mpunguzie miaka, mwanamume awe mwanamke kama tukio linaruhusu. Na usimbebeshe mtu halisi anayetambulika kosa ambalo hakulifanya, hata kama hadithi inalililia.

Kaunta buku ya tatu ina mtu aliyekufa. Alikuwa rafiki yake, walitoka Kigoma pamoja, na alifia kwenye ngazi za jengo bovu, sindano ikiwa bado mkononi. Mama wa marehemu anaishi Katonga. Aliambiwa ni malaria. Watu walichanga, maiti ikasafirishwa, ikazikwa, na malaria ikazikwa nayo. Sasa mwanafunzi wangu anataka kuandika ngazi zile, na ana haki, maana ndizo zilizomfanya aache unga. Nilimwambia anaweza kuhamisha kifo hicho kwa mtu wa Mtwara, kwenye jengo lingine, kwa njia nyingine. Akasema akihamisha hatakuwa amemwandika rafiki yake, atakuwa amemfuta. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Nilichomwomba ni kwamba kurasa hizo zisifike kwa mchapishaji kabla yeye hajafika Katonga kwa miguu yake. Hajaenda bado.

Nina neno moja la pembeni kuhusu hilo jina "ughaibuni". Ukimwambia mzee wa Ujiji "ng'ambo", hafikirii London, anafikiria Kongo, kule yanakotoka mawese na vitenge. Na kwa mwingine ng'ambo ni hapa kwetu. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na 2015 ikapokea Warundi. Waliozaliwa mwanzoni mwa kambi sasa ni watu wazima. Ujana wao wote wa ughaibuni umepita kwenye vumbi jekundu la Kasulu. Kule Tabora, Ulyankulu ilipokea Warundi wa mwaka 1972, na watu zaidi ya 162,000 wa kundi hilo la zamani walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Hao nao wana maisha yaliyosimuliwa mara nyingi kwenye meza za mahojiano, mpaka yakakakamaa kama ngozi iliyoanikwa. Nimeletewa mswada mmoja tu kutoka kambini, wa binti wa miaka ishirini na kitu. Nilipoufungua niliona umeandikwa kama majibu ya maswali: nilizaliwa, tulikimbia, tulipokelewa, tunaishi. Ukurasa wa tisa pekee ulikuwa na kitu ambacho hakuna afisa angekiuliza: jinsi mama yake alivyokuwa akilala na funguo za nyumba ya Uvira, kule Kongo, shingoni, nyumba ambayo wote walijua imeungua. Nikamwambia aanzie ukurasa wa tisa.

Wiki iliyopita mtu wangu wa Gungu alikuja tena, safari hii na kaunta buku ya nne. Alikuwa amemuuliza mama yake kuhusu ile simu. Mama anaikumbuka vizuri sana. Samaki hamkumbuki. "Samaki gani?" alimuuliza. Anachokumbuka ni mvua kubwa, ilikuwa ikipiga bati hapa Gungu asisikie kitu, sauti ya mwanawe ikija na kupotea, mpaka akachoka, akakata yeye.

"Sasa mwalimu," akaniuliza, "nani alikata simu?"

Nikamwambia hilo ni la kwake. Alikaa kwenye kibaraza changu, akafungua daftari, akaifuta mvua ya Durban kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka. Kisha akageuza ukurasa, akaanza sura mpya kwa a-, na safari hii a- hiyo ilikuwa mama.